"Mwembamba hana kolesteroli": tunayoambiana kuhusu LDL, na ukweli wake

Karatasi ya majibu ya dada yangu ilikuwa imekunjwa mara nne na kupachikwa nyuma ya kava la simu. Aliikunjua mezani, pembeni ya sahani ya viazi karai, akainyoosha kwa kiganja, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya: 6.3, kwa kipimo cha milimoli kwa lita.

"Niambie ukweli," alisema. "Mwenzangu ofisini ana kilo 98, yake imetoka 2.9. Mimi nina kilo 52. Hawajachanganya damu hawa?"

Baada ya wiki mbili alirudia kipimo, maabara nyingine. Ikatoka 6.2, bado juu mno.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa miaka kumi na mmoja kwenye kliniki ya presha na kisukari, na swali la dada nimelisikia kwa sura nyingi mno. Tatizo letu ni kwamba tunaiwaza kolesteroli kama mafuta ya kwenye sufuria: ukimimina mengi yanajaa, ukipasha moto yanayeyuka, mnene anayo, mwembamba hana. Mwili haufanyi kazi hivyo.

Kolesteroli yenyewe si sumu. Kila seli inaihitaji, na homoni kadhaa hutengenezwa kutokana nayo. Sehemu kubwa mwili hujitengenezea wenyewe, hata usipoonja nyama mwaka mzima. Kwa kuwa mafuta na maji havichangamani, kolesteroli husafiri ndani ya damu ikiwa imefungwa kwenye vifurushi vidogo, na LDL ni kifurushi kimojawapo. Ini lina milango juu ya seli zake inayovinasa vifurushi hivi na kuvivuta ndani. Milango ikiwa mingi na mizima, LDL hushuka. Ikiwa michache au mibovu, LDL hubaki ikizunguka, inapenya kwenye kuta za mishipa, na hapo ndipo utando unapoanza kujengeka taratibu, mwaka baada ya mwaka. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliougundua mlango huo wakiwa Dallas, Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Vingi kati ya vitu vinavyopandisha LDL hupitia hapo hapo, mlangoni kwenye ini. Ukilishika hilo, dhana nyingi utaziona zilipokosea.

"Mwembamba hana shida hiyo"

Unene una madhara yake, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini unachovuruga zaidi ni mafuta mengine ya kwenye damu, yanayoitwa triglisaridi, na hushusha HDL, ile kolesteroli nzuri. LDL huisukuma juu kidogo tu. Ndiyo maana mtu wa kilo 98 anaweza kuwa na 2.9 na mwenye kilo 52 akawa na 6.3. Mzani hauoni milango ya ini. Wembamba wa dada ulimchelewesha kupimwa. Kila alipokwenda hospitali kwa jambo jingine aliambiwa, "Wewe mbona uko vizuri," na yeye akaridhika.

"Mafuta yetu hayana kolesteroli, imeandikwa kwenye chupa"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo jiko letu lilipo.

Maandishi ya kwenye chupa ni ya kweli, ila hayakusaidii. Kolesteroli hutoka kwa wanyama tu, hivyo hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Kinachopandisha LDL zaidi kwenye chakula ni yale mafuta magumu, aina inayoganda kwenye ubaridi. Mafuta hayo yakizidi, ini hupunguza milango yake. Yamo kwenye siagi, samli na nyama ya mafuta, na yamo pia kwenye baadhi ya mimea.

Ukitaka kuyaona kwa macho, panda Lushoto mwezi wa Julai ukiwa na chupa mbili. Alfajiri, mafuta ya nazi yatakuwa yameganda meupe kama mshumaa. Ya alizeti bado yanatiririka. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo ngumu. Mawese ni karibu nusu. Alizeti ni kama sehemu moja ya kumi.

Najua maneno haya yanauma kwa mtu wa Tanga, na mimi ni wa huko. Simwambii mtu auze mbuzi ya kukunia nazi. Samaki wa kupaka mara moja kwa wiki si sawa na wali wa tui zito, maharage ya tui zito na mboga ya tui zito kila siku, huku mandazi ya asubuhi nayo yana nazi. Kwa mwenye LDL ya juu, tui jepesi na siku chache zaidi bila tui ni mabadiliko yanayoonekana kwenye karatasi ya majibu.

Kuna nchi moja jirani yetu wa bahari iliyotuonyesha jambo hili kwa ukubwa wa taifa. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya kupikia ya mgao, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mawese, yakawa ya soya. Watu walipopimwa tena mwaka 1992, wastani wa kolesteroli yao yote ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Mambo mengine nayo yalibadilika ndani ya miaka hiyo mitano, lakini watafiti waliona kuwa mafuta ya kupikia yalichangia. Hakuna aliyewaita watu kliniki mmoja mmoja kuwahubiria. Kilichobadilishwa ni chupa.

Halafu kuna yale mafuta ya kopo yaliyogandishwa kiwandani, ambayo ndani yake huweza kuwa na mafuta aina ya transi. Hayo ni mabaya kuliko yote: yanapandisha LDL na papo hapo yanashusha ile nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziyaondoe kwenye chakula. Yakiwa na jina la "mafuta ya mmea" kwenye kopo, usidanganyike na neno mmea.

"Mayai ndiyo adui"

Kiini cha yai kina kolesteroli, karibu miligramu 186 kwa yai kubwa. Ila kwa watu wengi ini hujibu kwa kupunguza kolesteroli linayoitengeneza lenyewe. Yai moja la kuchemsha kwa siku si kesi kwa mtu mzima wa kawaida. Chipsi mayai iliyozama kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi ni habari nyingine, na hapo si yai la kulaumiwa. Wenye kisukari au LDL iliyokwisha kupanda waongee na daktari wao kuhusu idadi.

"Wamasai wanakula nyama na maziwa tu, mbona wazima?"

Huyu ni shahidi anayeitwa kila mara, hasa na wanaume waliokaa mezani kwenye nyama choma. Lakini ushahidi wake hakuna anayeusimulia mpaka mwisho.

Ni kweli kwamba miaka ya 1960 George Mann, mtafiti kutoka Marekani, aliwapima Wamasai wa Tanganyika na kukuta kolesteroli yao iko chini sana licha ya maziwa yale yote. Mwaka 1971 watafiti wengine walieleza kuwa miili ya Wamasai ilikuwa na uwezo mkubwa wa kupunguza kolesteroli inayojitengenezea pale inapoletewa nyingi kwenye chakula. Watu wanasimulia mpaka hapo, wanaagiza kilo nyingine.

Lakini mwaka 1972 Mann huyo huyo alichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Utando ulikuwemo, kwa kiwango cha kufanana na cha wazee wa Marekani. Kilichowaokoa, kwa maoni yake, ni kwamba mishipa ya mioyo yao ilikuwa mipana kuliko kawaida, na sababu aliyoiona ni kutembea. Wale walikuwa watu wanaofuata ng'ombe kutwa nzima, juani, wala hawashibi kila siku. Anayeshuka garini, akala kilo moja ya mbuzi na kurudi garini, amechukua chakula cha Wamasai na kuacha miguu yao.

"Ni ugonjwa wa Wazungu na wenye pesa"

Damu haijui pasipoti. Na kisa kizuri kuliko vyote katika elimu ya LDL kinawahusu watu wenye asili ya Afrika. Kuna protini inayoitwa PCSK9 ambayo kazi yake ni kuiharibu ile milango ya ini. Mwaka 2005 na 2006 Helen Hobbs na Jonathan Cohen, huko huko Dallas, walieleza kuwa Wamarekani Weusi wapatao wawili hadi watatu katika kila mia wamezaliwa na kasoro inayoidhoofisha protini hiyo. Milango yao inadumu zaidi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ndani ya miaka 15 ya kufuatiliwa, maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa pungufu kwa asilimia 88 yakilinganishwa na wenzao. Mwaka uliofuata ikatolewa taarifa ya mwanamke kijana wa Zimbabwe mwenye LDL ya takriban 0.4 tu, mzima kabisa. Kutokana na ugunduzi huo zimetengenezwa dawa za sindano zinazotumika leo duniani.

Maana yake, LDL ya chini tangu utotoni inalinda kuliko LDL inayoshushwa uzeeni. Na kinyume chake pia ni kweli, na hilo ndilo lililonifanya nisilale usiku ule dada aliponionyesha karatasi.

"Ni mambo ya wanaume"

Estrojeni husaidia ini kuwa na milango mingi. Hedhi inapokoma, msaada huo unapungua na LDL ya mwanamke hupanda, mara nyingi bila kubadilisha chochote jikoni. Mama wa miaka 53 anayesema "nakula kama nilivyokula siku zote" anasema kweli.

Zipo sababu nyingine ambazo hazina uhusiano na sahani. Tezi ya shingoni (thairoidi) ikifanya kazi kwa ulegevu, LDL hupanda. Figo zikipoteza protini nyingi kwenye mkojo, vivyo hivyo. Dawa za steroidi zinazotumiwa muda mrefu zinaweza kuchangia, na baadhi ya dawa za zamani za VVU, kama efavirenzi, pia. Tafadhali usiache dawa yoyote kwa sababu umesoma mstari huu. Mwambie daktari wako, apime, aamue. Sigara kazi yake kubwa ni kushusha HDL na kuumiza ukuta wa mshipa, hivyo LDL ya wastani kwa mvutaji inafanya kazi ya LDL ya juu.

Na kahawa? Kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa, kama ile ya kwenye dele, ina kitu kiitwacho kafestoli ambacho hupandisha LDL. Vikombe viwili vidogo barazani havinitishi. Anayekunywa kutwa na LDL yake ikagoma kushuka, aichuje kwa karatasi.

"Limau na kitunguu saumu vinayeyusha"

Hakuna kinachoyeyushwa. Limau haliendi kwenye mshipa kusugua. Kitunguu saumu huweza kushusha kidogo sana. Chenye nguvu zaidi ni maharage, kunde, dengu na shayiri: ufumwele wake (nyuzinyuzi) unanasa nyongo tumboni na kutoka nayo, ini linalazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni kolesteroli. Hapo linafungua milango zaidi.

"Ningekuwa nayo ningejisikia"

Ganzi, kisogo kizito, uchovu, watu huniambia hiyo ndiyo kolesteroli. LDL ya juu haina hisia yoyote. Mtu anaweza kukaa nayo miaka 20 akicheza mpira, na dalili ya kwanza ikawa mshtuko wa moyo au kiharusi.

Wachache huonyesha alama mwilini: vinundu vya njano kwenye kope, duara jeupe kuzunguka mboni kabla ya umri wa miaka 45, au kano ya nyuma ya kisigino kuwa nene. Usiku ule nilimwambia dada avue viatu. Nikaishika kano yake kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha nikashika yangu. Yake ilikuwa nene kama kamba ya kisimani, na ina mafundo. Nikaikumbuka miguu ya baba. Tulizoea kusema ni viatu vya kazini vilivyomharibu.

"Kwetu hakuna mwenye ugonjwa huo"

Baba alifariki akiwa na miaka 46, jioni, akifunga duka. Mdogo wake alifuata akiwa na 44, shambani. Msibani ilisemwa wamefanyiwa jambo, na kwa miaka mingi hata mimi, muuguzi, sikuwahi kuviweka vifo vile viwili kwenye mstari mmoja.

Kuna hali ya kurithi ambayo mtu huzaliwa na nusu ya milango mibovu. Duniani inakadiriwa kumpata karibu mtu mmoja katika kila 300, na wengi hawajijui. LDL ya mtu mzima ikifika 4.9 au kuzidi (190 kwa maabara zinazotumia miligramu), lazima ukoo uulizwe: nani alikufa ghafla, akiwa na umri gani. Mzazi mwenye hali hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Lishe inasaidia lakini haitoshi. Wengi wanahitaji dawa za statini, ambazo hulifanya ini liongeze milango. Kwa kila 1.0 inayoshuka kwenye LDL, hatari ya matukio makubwa ya moyo na mishipa, kama mshtuko wa moyo na kiharusi, hupungua kwa takriban asilimia 22.

Dada alianza kumeza kidonge wiki ile ile. Miezi mitatu baadaye alikuwa na 3.1, na daktari akamwongezea dawa ya pili. Mimi nilipima nikatoka na 2.7. Kisha tukawapeleka watoto wake wawili. Mdogo, wa miaka sita, alitoka na 2.2. Mkubwa ana miaka tisa, mwembamba kama mama yake, mchezaji wa pembeni wa timu ya shule. Yake ni 5.4. Jumatatu ana miadi kwa daktari wa moyo wa watoto, na umri wake tayari unaruhusu kuanza dawa.