Je, wajua kwa nini seva ya nakala rudufu huhitaji kanzidata?

Kama kazi ya seva ni kunakili mafaili ya kompyuta za ofisi kila usiku, kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa ili zitafutike haraka, ni ya nini? Nilipofunga Bacula, programu ya kutengeneza nakala rudufu, mara ya kwanza, katika ofisi moja hapa Dodoma, niliamini mafaili yenyewe huingia ndani ya kanzidata. Nikaipa kanzidata hiyo, PostgreSQL, diski kubwa kuliko zote, na nakala nikazitengea ile ndogo iliyobaki. Wiki haikuisha, diski ndogo ikajaa huku kubwa ikiwa karibu tupu.

Dhana hii nimeikuta kwa wenzangu wengi, kwa hiyo tuifungue taratibu. Bacula ni programu huria ya mifumo ya kompyuta ya Unix na Linux iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000. Ina sehemu tatu zinazozungumza kwa mtandao: msimamizi anayepanga kazi, wakala anayekaa kwenye kila kompyuta na kusoma mafaili, na mtunza ghala anayeyaandika kwenye diski au tepu. Mafaili hutoka kwa wakala yakaenda moja kwa moja kwa mtunza ghala. Kwenye kanzidata hayapiti kabisa.

Fikiria ghala la mahindi pale Kibaigwa. Magunia yamepangwa sakafuni. Kwenye daftari la mwenye ghala kuna mstari tu: gunia la nani, liliingia lini, liko safu ipi. Daftari halina hata punje. Likipotea, mahindi yapo, ila mwenye mali akija itabidi mfungue gunia moja moja. Kanzidata ya Bacula, inayoitwa katalogi, ndiyo daftari hilo. Ndiyo maana hukua kwa idadi ya mafaili, si kwa uzito wake: video ya GB 4 huchukua mstari mmoja, na barua ya KB 20 vilevile.

Mbona basi lisitoshe daftari la kawaida? Hapa ndipo mambo yanaponoga. Jumapili ya kwanza ya mwezi seva hunakili kila kitu. Usiku wa siku za kazi hunakili yaliyobadilika tu. Alhamisi asubuhi dada wa uhasibu anakuja: "Kaka, naomba unirudishie folda ya malipo kama ilivyokuwa Jumanne jioni." Folda hiyo haipo nzima mahali popote. Faili moja halijaguswa tangu Jumapili, jingine lilibadilishwa Jumatatu, la tatu Jumanne. Kwa kila faili inatakiwa nakala ya mwisho isiyozidi Jumanne usiku, ikachambuliwe kwenye mamia ya maelfu ya mistari. Kanzidata iliumbwa kwa swali la namna hiyo. Naandika amri ya restore (rudisha), nataja tarehe, na katalogi inaishona folda vipande kwa vipande mbele ya macho yangu. Kila nikiiona nafurahi upya.

Tahadhari: usipowasha kipengele cha Accurate, mafaili yaliyofutwa kati ya Jumapili na Jumanne nayo yatarudi. Tena katalogi ina usahaulifu wake. Bila kubadilisha mpangilio, mistari ya mafaili huruhusiwa kufutwa baada ya siku 60, wakati data bado imo ghalani. Huwezi tena kuchagua faili moja kwa jina.

Na katalogi yenyewe ikiharibika? Programu ya bscan husoma ghala zima na kuandika daftari upya, kazi inayoweza kula saa nyingi. Kwa sababu hiyo mpangilio wa kawaida huanza kazi za usiku saa 5:05, kisha saa 5:10 huja zamu ya kunakili katalogi, nayo husubiri hadi wenzake wamalize. Daftari huingia ndani ya gunia. Gunia lipi? Hilo huandikwa kwenye faili dogo la maandishi liitwalo bootstrap, na hilo mimi hulituma kwa barua pepe kila usiku, likakae nje ya seva.