Lumi, mto unaozama kisha ukaibuka

Ukiuliza chanzo cha Mto Lumi, ramani itakuonyesha miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, upande wa kilele cha Mawenzi. Sawa. Ila ufuate mkondo wenyewe wakati wa kiangazi, juu ya mji wa Taveta, Kenya, utajikuta unakanyaga mchanga mkavu. Miamba ya volkano ina nyufa nyingi. Huinywa mvua ya mlimani kabla haijafika bondeni.

Maji hayo yanaibuka karibu na mji wa Taveta, kwenye chemchemi kama Njoro Kubwa. Inama utazame chini: mchanga unatokota kama uji jikoni, ila ukitia mkono, maji ni baridi. Kuanzia hapo Lumi haukauki.

Wengi husema chemchemi hizi ni Ziwa Chala linalovuja. Si dhana ya kipuuzi. Chala ni ziwa la kreta, mpaka wa Kenya na Tanzania umelikata, halina mto unaotoka, na liko juu kuliko chemchemi. Lakini maji yaliyokaa juani huwa na alama yake, maana isotopu (atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti) nyepesi hutangulia kupaa na nzito hubaki. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1970 vilionyesha kuwa mchango wa Chala ni mdogo tu.

Maji ya chemchemi basi ni hasa yale yaliyonywewa na miamba ya mlimani, kwa hiyo mvua ya jana hainisaidii kukisia maji ya Lumi ya kiangazi. Mvua hiyo hujionyesha kwenye mafuriko, yanaposhuka kwa mkondo wa juu yakisomba tope hadi Ziwa Jipe, ambalo nalo liko mpakani na kina chake hakifiki hata mita tatu.

Hapo ndipo pananivutia kuliko kote. Lumi unaingia Jipe upande wa kaskazini, na Mto Ruvu unatoka upande huohuo. Milango miwili, ukuta mmoja: mgeni anaingia na kutoka bila kuviona vyumba vya ndani. Tope na matete yakiziba mlango, maji hujipenyeza kwenye kinamasi na kuukuta Ruvu bila kupita ziwani. Ncha ya kusini inabaki na jua lake, maji yakipungua na chumvi ikibaki.

Ruvu huu (si ule wa Pwani unaoinywesha Dar es Salaam, japo nimeona ripoti zikiichanganya) unakwenda Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji ya Mto Kikuletwa nayo huingia. Yakitoka bwawani yanaitwa Pangani, hadi Bahari ya Hindi.