Unamdhibiti nini, mkono au moyo?

Juzi tena, kwenye kikao cha wazazi na walimu, baba mmoja alisimama na swali ninalolikuta kila shule ninayoingia: "Mwalimu, mtoto tumbane au tumwachie?" Kabla sijafungua mdomo, nusu ya ukumbi ikajibu: "Abanwe!" Swali hili limenichosha. Linafanya malezi kuwa kamba moja: ukiikaza mtoto ananyooka, ukiilegeza anaharibika.

Mwanasaikolojia Diana Baumrind alishaikata kamba hiyo miaka ya 1960 huko California. Alipochunguza wazazi wa watoto wa chekechea, alikuta wabanaji wasiosikiliza, wapole wasioweka mipaka, na kundi la tatu: wanadai mengi, sheria zao hazichezewi, lakini wanaeleza sababu na mtoto husikilizwa. Watoto wa hao wa tatu ndio walioonekana kujitawala zaidi. Maana yake mzazi anaweza kuwa na msimamo na upendo kwa wakati mmoja.

Fimbo nitaipita upesi. Mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti zilizogusa watoto zaidi ya 160,000. Kuchapwa kuliambatana na ukorofi zaidi, si adabu.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaosema "mimi simgusi mwanangu" kana kwamba hapo kazi imekwisha. Mama mmoja alikuja kwangu na mwanawe wa miaka tisa. Hajawahi kumpiga. Mtoto akagonga glasi, maji yakatapakaa mezani. Hakuyatazama maji. Alikauka, akautazama uso wa mama yake. Mama hakusema kitu.

Baadaye nikaelewa. Nyumbani akikosea, anasuswa. Siku mbili nzima hasemeshwi, kisha yanakuja masimango: "Nilivyohangaika na wewe, haya ndiyo malipo?" Mtoto huyo amebanwa kuliko yeyote niliyemwona mwaka huo, na hana alama hata moja mwilini.

Mwaka 1996 mtafiti Brian Barber alitenganisha aina mbili za kumbana mtoto. Kuna kudhibiti mwenendo: saa ya kurudi, kazi za shule, kujua mtoto yuko wapi na nani. Na kuna kudhibiti nafsi: kumtia hatia, kumnyima upendo, kuzidharau hisia zake. La kwanza likikosekana, vijana huelekea kwenye utukutu. La pili likizidi, huambatana na huzuni na sonona. Sasa niambieni, "abanwe" ile ya ukumbini ilikuwa ipi? Na walimu msicheke. "Darasa zima limekosa mapumziko kwa sababu yako" ni masimango yaleyale, yamevaa sare tu.

Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi. Mwanasaikolojia Richard Bell alionya tangu 1968 kwamba mtoto naye humbadilisha mzazi. Mtoto mkaidi humfanya mzazi mtulivu awe mkali, nasi tukija tukiona ukali na ukaidi nyumba moja, tunaukamata ukali kama chanzo. Nyingi ya tafiti zetu zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hazionyeshi lipi limezaa lipi. Kuna wazazi niliowalaumu kikao cha kwanza tu, na leo nisingethubutu.

Kwa mama yule niliomba mambo mawili. Sheria ibaki: aliyemwaga anafuta, hata akilia. Na akishafuta, asemeshwe papo hapo kuhusu jambo jingine lolote. La pili lilimshinda mara kadhaa. Mwenyewe alilelewa kwa kususwa, aliniambia.

Wiki ya nne glasi ilianguka tena. Mtoto bado alimtazama mama yake kwanza. Kisha akainuka, akaniuliza kitambaa kiko wapi.