Samaki wa dhahabu anapougua: maswali na majibu

Samaki hakohoi wala halalamiki. Nitajuaje kama anaumwa?

Mtazame wakati wa kumlisha. Samaki wa dhahabu ni mlafi. Akiona tu kivuli cha mtu karibu na tangi, huja juu mbio. Siku atakapobaki kwenye kona, mapezi kayabana mwilini kama mtu aliyejikunyata kwa baridi, ujue kuna jambo. Mimi huanza na pezi la mgongoni. Likiwa limelala kutwa nzima, sisubiri vidonda.

Anahema juu ya maji, mdomo wazi. Ana nini?

Ama hewa imepungua majini, ama matamvua yake anayopumulia yameumia. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 ni kama miligramu 9 kwa lita, kwenye nyuzi 30 hushuka hadi karibu 7.5. Basi fikiria Februari ya Dar es Salaam au Mombasa, umeme umekatika na pampu ya hewa imenyamaza. Chota maji ya tangi kwa kikombe, uyamimine tena kutoka juu, mara nyingi, mpaka umeme urudi.

Pampu ikiwa inafanya kazi na bado anahema, shuku amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa tangi. Samaki mwenyewe huitoa kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti ambayo si kali sana. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na katika wiki hizo ndipo wengi hupoteza samaki wakadhani wameuziwa wagonjwa. Pima maji: amonia iwe 0, naitriti iwe 0. Zikizidi hapo, badilisha robo hadi nusu ya maji leo, urudie kesho, na upunguze chakula. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Chujio lisuuze kwa maji yaliyotoka tangini, si ya bomba, usije ukawaua bakteria wenyewe.

Hata michirizi myekundu kwenye mapezi huanzia mara nyingi kwenye maji machafu. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia chupa ya dawa, pima maji.

Nimeona vidoa vyeupe. Nitie dawa?

Viko wapi? Vikitawanyika mwilini na mkiani kama punje za chumvi, na samaki anajisugua kwenye mawe, huenda ni kimelea kiitwacho *Ichthyophthirius multifiliis*. Hujificha chini ya ngozi, kikishiba hudondoka, kisha hujigawa kuwa mamia kwenye sakafu ya tangi, na wachanga hao huogelea kutafuta samaki. Dawa hukiua kinapoogelea tu, si kikiwa ndani ya ngozi. Ndiyo maana anayeacha dawa siku vidoa vinapotoweka huviona tena wiki inayofuata.

Lakini vidoa vikijipanga kwenye mifuniko ya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, na samaki anakula vizuri, hongera: una dume aliye tayari kuzaliana. Usimtie dawa.

Magamba yamesimama na tumbo limevimba.

Mtazame kutoka juu. Atafanana na nanasi. Hapo maji yamejaa mwilini, mara nyingi kwa sababu figo zimeshindwa kazi. Mtenge, umwone daktari wa mifugo anayejua samaki, ila nisikudanganye: wanaopona ni wachache.

Anaelea kichwa chini.

Huwapata zaidi wale wa mviringo. Mnyime chakula siku 2, kisha mpe punje ya njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda.

Anaweza kuniambukiza?

Ni nadra, ila yupo bakteria aitwaye *Mycobacterium marinum* anayeingia kupitia mkwaruzo. Usitie mkono wenye kidonda tangini, na nawa kwa sabuni ukimaliza kazi. Ukiota uvimbe kidoleni usiopona kwa wiki kadhaa, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafuga samaki. Usipomwambia, si rahisi akisie.