Ubalozini hupewi grini kadi

Hapa Mwanza mtu akitoka kwenye intavyuu ya ubalozi wa Marekani akaambiwa viza yake imepita, basi lake halijafika hata Shinyanga lakini habari ishatapakaa kwenye magrupu yote ya ukoo kwamba kapata grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa kule. Mama mkubwa anaitangaza kwenye kikoba, mjomba wa Kirumba anaulizia ataanza kutuma hela lini, na lazima awepo mmoja wa kumalizia kwamba "yule sasa ni Mmarekani, hana shida tena". Jamani. Nimelisikia hili mara nyingi mno na wiki hii nimelisikia tena kwa mtu aliyesoma kabisa, kwa hiyo leo tulinyooshe, maana hapo watu wamechanganya viza, ukaazi na uraia kwa mpigo mmoja.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kuomba ukaazi wa kudumu kupitia ubalozi ni pale ambapo wewe uko nje ya Marekani, una sababu inayotambulika kisheria ya kuhamia kule (mume au mke, mzazi, mwajiri, au ile bahati nasibu ya DV), makaratasi yanashughulikiwa ukiwa hukuhuku, unaenda kuhojiwa kwenye ubalozi au ubalozi mdogo uliopangiwa, ukipita unabandikiwa viza ya uhamiaji kwenye pasipoti halafu unasafiri nayo. Kama ni ndugu anakuombea, yeye ndiye anaanza na fomu I-130, inaenda USCIS (idara yao ya uhamiaji), ikikubaliwa faili linahamia NVC (kituo chao cha viza), hapo mnalipia ada, mnajaza DS-260, ile fomu ya maombi ya viza, onlaini, mnapakia cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha ndoa kama ipo, cha tabia njema toka polisi, na vipimo vya afya unafanyiwa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi, sio hospitali yoyote tu unayoijua wewe. Aliyeko kule tayari anaweza, kama anatimiza masharti, kubadilisha hadhi yake humohumo ndani kwa fomu I-485 na ubalozi asiuone kabisa. Hiyo ni njia nyingine, tuiache.

Kinachoniudhi ni hilo "kapata".

Viza ya uhamiaji ni ruhusa ya kusafiri mpaka mlangoni na kuomba uingie kama mkaazi. Mlango ni uwanja wa kwanza unaoshuka Marekani, yaani ukitoka Mwanza ukaunga Dar, ukaunga Addis Ababa, ukashuka Washington halafu bado unaendelea mpaka Minneapolis kwa shangazi, mlango wako ni Washington. Pale kuna afisa wa CBP, watu wa forodha na mipaka, huyo sio mtu wa ubalozi kabisa, anaangalia viza na faili lako, anaweza kukuuliza maswali upya, na sheria inampa nafasi ya kukukatalia hata kama viza yako haina kosa. Akikupitisha akagonga muhuri, dakika ile ndio umekuwa mkaazi wa kudumu. Kabla ya hapo wewe ni mkaazi wa Marekani sawasawa na yule mama anayeanika dagaa kule Mwaloni.

Na kwetu jambo hili sio geni, hakuna Msukuma atakayekwambia mtu kaoa kwa sababu tu barua ya posa imejibiwa, hata ng'ombe wakishahesabiwa bado kuna siku yenyewe ya ndoa na mpaka siku hiyo lolote linaweza kutokea. Sasa kwa nini kwenye viza tunasherehekea barua?

Kuna mtu ataniambia hayo ni maneno tu, tofauti ya wiki mbili tatu ina nini. Ina mengi, na wanaoumia ni vijana wetu. Chukua baba ambaye yeye ana ukaazi wa kudumu, hajawa raia, kamuombea mwanaye wa miaka 25 ambaye hajaoa. Foleni ya kundi lile ni ya miaka, hatimaye viza inatoka. Ukoo unakaa kikao, wazee wanasema huyu akienda hivihivi kapera atapotea huko, aondoke na mke, basi inafungwa ndoa chapchap bomani, sendofu na kuagana vinafanywa siku moja, kila mtu amefurahi. Viza ile imeshakufa. Bado imebandikwa kwenye pasipoti, bado tarehe yake haijapita, ila imekufa, kwa sababu alipewa kama mtoto asiye na ndoa na sharti hilo anatakiwa awe nalo mpaka pale mlangoni anapoingia. Mkaazi wa kudumu hana kundi la kumuombea mtoto mwenye ndoa, halipo kwenye sheria, anaweza kufanya hivyo raia peke yake, na foleni yake ni ndefu kweli. Na kijana akinyamaza akaingia kama kapera, hapo kadanganya, na siku atakapotaka kumuombea huyo mke cheti cha ndoa chenye tarehe ndicho kitakachomuumbua. Angeingia kwanza, akarudi hata baada ya miezi michache akaoa kwa raha zake, angejaza I-130 ya mke kama mkaazi na maisha yangeendelea. Wale wazee hawakuwa na nia mbaya, waliamini tu kwamba kijana "ameshapata".

Kwa wanandoa tofauti hii inafanya kazi hata kwa upande wa faida. Aliyeolewa na raia wa Marekani, ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili siku anayoingia, anapewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili, na ndani ya siku 90 kabla haujaisha wanatakiwa kujaza I-751 kuondoa masharti. Ndoa ikiwa imepitisha miaka miwili siku hiyo, anapata ule wa kawaida na kadi ya miaka kumi. Umeona, siku anayoingia. Haihesabiwi siku ya intavyuu. Dada mwenye viza iliyoandikwa CR1, yaani ile ya mwenzi yenye masharti, ambaye ndoa yake inatimiza miaka miwili mwezi ujao, na viza yake bado inaruhusu, anaweza kuuvuta huo mwezi nyumbani kisha akaingia na kumwambia afisa pale mlangoni kwamba ndoa imevuka miaka miwili, akajiepusha na fomu nzima na ada yake. Ila asivute mpaka apitilize, viza hizi kwa kawaida hazizidi miezi sita, na mara nyingine ni pungufu kwa sababu majibu ya vipimo vya afya nayo yana mwisho wake.

Hata hesabu ya uraia baadaye, ile miaka mitano (au mitatu kwa anayeishi na mwenzi raia), inaanza siku ya kuingia. Tarehe hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kadi.

Watu wa DV ndio wako mbali zaidi, maana wao hata viza hawajaiona, wameona tu kwenye mtandao kwamba wamechaguliwa, tayari mtu anauza kiwanja cha Buswelu. Wanachaguliwa watu wengi kuliko nafasi zilizopo, sheria ya mwaka 1990 iliweka nafasi 55,000 kwa mwaka, na mwaka wao wa serikali unaisha 30 Septemba, usipokuwa na viza mpaka siku hiyo jina lako halihamii mwaka unaofuata. Na mlango unaweza kufungwa katikati. Tarehe 31 Januari 2020 rais wa Marekani alisaini tangazo lililozuia Watanzania kupewa viza za DV, sisi na Sudan, likaja kufutwa Januari 2021. Wa ndoa na familia halikuwagusa, ila aliyekuwa amechaguliwa na anasubiri kuitwa intavyuu ndiye aliyejua vizuri kuchaguliwa sio kupata.

Kadi yenyewe, ile ya plastiki, ndiyo ya mwisho kabisa. USCIS wanaitengeneza baada ya kulipwa ada yao ya mhamiaji, dola 235 tangu 2024, na inatumwa kwa posta kwenye anwani ya huko huko Marekani. Wakati unaisubiri sio kwamba huna hadhi, ile viza ikishagongwa muhuri wa kuingia inatumika kama uthibitisho wa ukaazi kwa mwaka mzima, unaweza kuanza kazi nayo. Kwa hiyo ukaazi unaitangulia hata hiyo kadi ambayo watu wanaisherehekea.

Uraia nao nisiuache, japo kwa kifupi. Mkaazi wa kudumu anabaki Mtanzania, anasafiri kwa pasipoti ya Tanzania. Sheria yetu ya uraia ya 1995 inamwondolea uraia mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, na grini kadi sio uraia, sasa huyo anayesema "kashaukana Utanzania" kwa sababu ya viza anamsingizia mtoto wa watu.

Basi ndugu zangu, anayetoka ubalozini tumpongeze kwa kupata viza, tumwambie viza, tumuulize inaisha lini na ameandikwa kundi gani kabla hatujampangia ya harusi, na kama kapewa bahasha iliyofungwa asiifungue, hata mama mkubwa akitaka kuona kuna nini ndani. Akishavuka pale kwa afisa akatutumia picha ya muhuri kwenye grupu, hapo mjomba andika kwa herufi kubwa kabisa kwamba kapata ukaazi. Kadi ataletewa na posta.