Uchunguzi wa Ukatili kwa Watoto: Mambo Ambayo Watu Huyaamini, na Yalivyo

Mtu akisikia kwamba afisa ustawi wa jamii ameonekana kwa jirani, kichwani humjia mojawapo ya picha mbili: mtoto anabebwa huku analia, au magazeti ya kesho yanauliza ofisi ilikuwa wapi hadi mtoto akafa. Yote mawili hutokea. Lakini yote mawili yanafanya kazi hii ionekane ni ya kusaka wakosaji, wakati swali la kwanza ambalo afisa analazimika kulijibu ni jingine: je, mtoto huyu yuko salama usiku wa leo? Nani alifanya nini ni swali linalofuata, na kwa sehemu kubwa ni la polisi na mahakama.

“Wakija, wanaondoka na mtoto.”

Mara nyingi sivyo. Nchini Marekani, kwa mfano, mwaka 2022 watoto wapatao milioni 3 walifuatiliwa baada ya taarifa kupokelewa. Waliothibitika kufanyiwa ukatili au kutelekezwa hawakufika laki sita, na wengi wao walibaki majumbani mwao. Kumwondoa mtoto kwa kawaida huhitaji amri ya mahakama, au hatari ya papo hapo ambayo mahakama itakuja kuipima muda mfupi baadaye. Kinachofanyika zaidi ni mpango wa usalama: anayetuhumiwa anahama kwa muda, ndugu anayeaminika anakuja kukaa na watoto, mzazi anaanza tiba ya ulevi, afisa anapita tena bila kutoa taarifa mapema. Kumtenga mtoto na watu wake nako kunaumiza, hata kama watu hao ndio waliomuumiza.

“Ukatili ni kipigo.”

Aina inayojaza mafaili kuliko zote ni kutelekezwa. Katika takwimu hizohizo za Marekani, takribani robo tatu ya watoto waliothibitika walikuwa wametelekezwa. Ugumu wake ni kwamba hakuna tukio moja la kutajiwa tarehe. Kuna mtoto wa miaka minne anayeshinda peke yake akimlea mdogo wake, dawa ya pumu iliyokwisha na haijachukuliwa nyingine, jino lililooza hadi shavu limevimba. Kila moja lina maelezo yake. Uzito wake unaonekana yakipangwa pamoja.

Hapa ndipo umaskini huchanganywa na kosa. Jiko lisilo na chakula peke yake halithibitishi kitu. Afisa makini huuliza mzazi alikuwa na nini mkononi, alielezwa nini, na alifanya nini alipopewa msaada. Mzazi aliyekosa nauli ya kwenda hospitali anahitaji nauli. Kumwandikia kesi ni uvivu wa kufikiri.

“Daktari akimpima, ukweli utajulikana.”

Dhana hii hukwamisha mashauri mengi, hasa ya ukatili wa kingono. Watu husubiri cheti cha daktari kama hukumu. Utafiti wa mwaka 2002 uliohusisha watoto 2,384 waliopelekwa kupimwa kwa sababu hiyo ulikuta zaidi ya asilimia 96 hawana dalili yoyote mwilini. Mwingine, wa 2004, uliwaangalia wasichana 36 ambao tayari walikuwa wajawazito: waliokutwa na alama za wazi za kuingiliwa walikuwa wawili tu. Sehemu hizo za mwili hupona haraka, na matendo mengi hayaachi jeraha tangu mwanzo. Kwa hiyo “hakuna kilichoonekana” ni maelezo ya mwili siku ile. Hayasemi kwamba hakuna kilichotendeka.

Kwa vipigo na kuunguzwa, mwili husema zaidi, ila kwa anayejua kuusoma. Mtoto anayekimbia huchubuka magoti, ugoko na paji la uso. Michubuko masikioni, shingoni au tumboni ni habari nyingine, na kwa mtoto mchanga ambaye hata kutambaa hajaanza, mchubuko wowote unataka maelezo. Maji ya moto yakimwagika kwa bahati mbaya huacha matone yaliyotawanyika na kingo zisizo sawa. Mguu uliozamishwa kwa nguvu huwa na mstari mkali kuzunguka kifundo, kama soksi. Ila kuna mitego. Baka la bluu mgongoni au matakoni huweza kuwa alama ya kuzaliwa. Ugonjwa wa mifupa dhaifu huvunja mifupa bila mkono wa mtu. Na wale wanaodai kujua umri wa mchubuko kwa kuangalia rangi yake wanabahatisha. Rangi haitoi tarehe.

“Mbane, atasema.”

Mtoto akibanwa husema, ndiyo. Husema unachotaka kusikia. Mwaka 1983 wahudumu wa shule ya awali ya McMartin, California, walituhumiwa kuwadhalilisha watoto. Wahojaji waliuliza maswali yaliyobeba jibu ndani yake, wakarudia, wakawasifu watoto waliokubali. Maelezo yakazidi kuwa ya ajabu. Kesi ilidumu hadi 1990 na hakuna aliyetiwa hatiani. Kama kulikuwa na mtoto aliyeumizwa kweli, mahojiano yale yalimzika pamoja na uongo wote.

Ndiyo maana leo mhojaji aliyefunzwa huanza na mambo ya kawaida, humwambia mtoto kwamba “sijui” ni jibu zuri, kisha hufungua mlango mpana: “Niambie kila kitu kilichotokea.” Halafu hunyamaza. Ukimya huo ndio humshinda mgeni wa kazi hii. “Baba alikushika hapa?” ni swali linaloweza kuharibu shauri zima kwa sekunde tatu. Na mahojiano hufanyika mbali na walezi, kwa sababu mtoto anayetupia macho mlangoni kabla ya kila jibu anamjibu aliye nje ya mlango.

“Akikana, basi alidanganya.”

Utafiti wa mwaka 2007 uliopitia mashauri 257 ya ukatili wa kingono ulikuta karibu robo ya watoto walirudi nyuma na kukana walichosema. Waliokana zaidi ni wadogo, waliotendewa na mzazi au mlezi, na wale ambao mlezi wao mwingine hakusimama nao. Kukana kunahitaji kuchunguzwa kama taarifa ya kwanza ilivyochunguzwa: nani kaongea naye katikati?

“Ni malezi yao, tusiingilie.”

Victoria Climbié alifariki London Februari 2000 akiwa na miaka 8, mwili una majeraha 128. Alikuwa ametokea Côte d'Ivoire, akiishi na shangazi wa baba yake. Hospitali, polisi na ofisi za ustawi walikuwa wamemwona. Daktari mmoja alidhani alama za mwilini mwake ni upele. Afisa mmoja aliahirisha kwenda nyumbani akihofia kuambukizwa upele huo. Na mtoto alipoonekana akisimama wima kwa woga mbele ya mlezi, ilitafsiriwa kuwa ndiyo heshima ya familia zenye asili ya Kiafrika. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Laming iliyatoa haya hadharani mwaka 2003. Kuheshimu malezi ya watu hakukumzuia yeyote kukaa chini na kumuuliza mtoto, peke yake, siku zake zinakwendaje.

“Usitoe taarifa kama huna ushahidi.”

Ushahidi ni kazi ya mchunguzi. Anayetoa taarifa anahitaji shaka ya kweli, na nchi nyingi humlinda aliyeitoa kwa nia njema hata ikaja kuonekana alikosea.

“Faili limefungwa, kwa hiyo hapakuwa na kitu.”

Kufungwa kunaweza kumaanisha hivyo. Kunaweza pia kumaanisha kwamba ushahidi haukutosha, familia ilihama, au mtoto hakuwa tayari kuongea. Faili mara nyingi hubaki ofisini, na taarifa ya pili ikija, afisa mwenye busara huanza kwa kusoma ile ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kushika njia.