Ndoa za jinsia moja na stahiki za askari wa Marekani

Tangu Septemba 20, 2011, mashoga na wasagaji wanaruhusiwa kulitumikia jeshi la Marekani bila kujificha. Wengi walidhani suala limekwisha. Askari aliweza kumtaja mwenza wake, lakini mwenza huyo hakuwa na bima ya afya ya jeshi, hakuhesabiwa kwenye posho ya nyumba, na askari akifa vitani hakulipwa pensheni ya mjane.

Kikwazo hakikuwa kanuni za jeshi. Sheria ya mwaka 1996 iliifunga serikali nzima ya shirikisho itambue ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, na stahiki za familia ya askari zilitegemea tafsiri hiyo. Juni 26, 2013 Mahakama ya Juu ilikibatilisha kifungu hicho katika kesi ya Windsor. Agosti, Wizara ya Ulinzi ikatangaza kwamba wenye cheti cha ndoa watapata stahiki sawa na wengine, zikihesabiwa tangu siku ya hukumu.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Wizara iliangalia mahali ndoa ilikofungwa, si mahali wanandoa wanakoishi. Askari huhamishwa kwa amri, hachagui jimbo. Ndiyo maana aliyepangiwa kituo kilicho zaidi ya maili 100 kutoka jimbo lililokuwa likifungisha ndoa hizo aliweza kupewa hadi siku 7 za likizo maalumu akaoe au kuolewa. Aliye nje ya nchi, hadi siku 10. Naona huo ulikuwa uamuzi wa haki.

Idara ya Maveterani, inayowahudumia askari wa zamani, kwa upande wake ilibanwa na sheria inayoangalia makazi. Ndoa iliyokubaliwa mtu akiwa kazini iliweza kukataliwa akishavua sare, kwa kuwa tu ameishi Texas, jimbo ambalo halikuitambua ndoa hiyo. Huko Texas kwenyewe, na katika majimbo mengine machache, vikosi vya National Guard (jeshi la akiba la majimbo) viligoma kuwaandikisha wenza hao katika ofisi za jimbo, mpaka Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, alipoagiza watii.

Mvutano huo ulimalizwa na hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Obergefell, Juni 26, 2015, iliyohalalisha ndoa hizo katika majimbo yote. Miongoni mwa walalamikaji alikuwemo sajenti wa jeshi la akiba: alifunga ndoa New York kabla ya kwenda Afghanistan, akarudi kufanya kazi Tennessee, na jimbo likakataa kumtambua mwenza wake. Desemba 2022 Bunge lilifuta rasmi sheria ya 1996.

Kinachobaki kigumu ni vituo vya ng'ambo. Familia kumfuata askari huko hutegemea pia makubaliano na nchi mwenyeji, na si kila nchi inaitambua ndoa hiyo.